Kitanda cha Kumlaza Petronilla

Emmaculate Auma ni mpishi wa shule ya msingi huko Busibwabo, na mtu asikudanganye kwamba kazi hiyo ni ndogo. Mwanamke anayeweza kuivisha githeri ya watoto mia nne kwa kuni mbichi, na kengele ikilia sahani ziko tayari, hawezi kushindwa na kachumba kamoja ka wageni. Ndivyo alivyojiambia mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa na haki ya kujiambia hivyo, maana siku hizo mambo yalikuwa bado hayajaharibika.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Nyumba ile ya matofali ina sebule na vyumba vitatu, na hicho cha nyuma kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, madebe, na vyuma vya mumewe. Mumewe ni Oduori, fundi wa kuchomelea, mwenye kibanda cha jua kali kando ya barabara ya Matayos. Anatengeneza milango, madirisha na mageti. Ni mtu mpole ambaye huongea maneno yake yote ya siku kabla ya chai ya saa nne, kisha hunyamaza.

Aliyefanya stoo igeuke chumba ni mama yake Emmaculate, Petronilla wa Sigalame. Mama huyu amekula miaka sabini na minne, na kwa muda wa miaka mitano macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mara akamsalimia mbuzi akidhani ni mtoto wa jirani, mara akamwagia mbolea maharagwe yaliyokuwa yakianikwa. Hatimaye madaktari wa macho walipita, jina lake likaandikwa, akaambiwa aje hospitali ya mjini Busia apasuliwe jicho la kulia kwanza. Baada ya hapo angetakiwa kuonekana kila asubuhi kwa wiki nzima. Sasa mama mzee wa jicho lililofungwa utampakia bodaboda kutoka Sigalame kila siku na vumbi lile? Haiwezekani. Ilibidi alale karibu na mji.

Alale wapi? Gesti alizikataa mwenyewe, akasema ni za madereva wa malori. Mwanawe wa kiume alikuwa Nambale, chumba kimoja cha kupanga, yeye na mke na watoto watatu. Kulibaki kwa Emmaculate, na kwa Emmaculate ndiko kulikokuwa na shida, kwa sababu huko kulikuwa na Oduori.

Kwa watu wa huku, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawapeani mikono. Hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja wao lazima akumbuke ghafla kwamba ana shughuli ndani ya shamba la mahindi. Siku moja Oduori alimwona Petronilla akija sokoni, akaingia mlango wa kwanza aliouona. Ilikuwa saluni ya wanawake. Alikaa humo chini ya mashine ya kukaushia nywele, mikono juu ya magoti, mpaka mkwe wake alipopita, na wasusi wa saluni ile wanamsalimia kwa kicheko hadi leo. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa Petronilla hakuwahi kulala kwa binti yake hata mara moja. Alikuja watoto walipozaliwa, alikuja walipobatizwa, akala, akasifu kuku, na ikifika saa kumi jioni huyo, anafunga leso na kuuliza boda iko wapi.

Jambo hilo lilimuuma Emmaculate kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Kila mwanamke wa rika lake alikuwa na habari ya kwamba mama aliamka kabla ya jua akamkuta amewasha moto. Yeye alikuwa na habari za kuaga tu. Kwa hiyo mama alipokubali kwa simu, kwa sharti kwamba mkwe ahame nyumba ile siku zote za matibabu, Emmaculate aliketi chini jikoni mwa shule akashukuru Mungu huku sufuria ikitokota. Oduori naye alikubali kulala kibandani haraka kiasi cha kumtia mkewe wasiwasi.

Hela ya kupamba haikuwepo, au tuseme ilikuwepo ile ambayo haitoshi. Lakini nani huku mpakani ananunua kitu kipya? Vitu huja vikiwa vimeshatumiwa na watu wa mbali, vikafunguliwa katika belo, yale marobota ya mitumba, na mwenye jicho akaokota. Emmaculate akaanza na kuta. Mwalimu mkuu alimpa rangi iliyobaki walipopaka madarasa, akaipaka mwenyewe Jumamosi mbili, maziwa juu na kahawia chini, mstari umenyooka. Chumba kikawa kama darasa la tatu lisilo na ubao. Hakujali.

Kisha akaenda Malaba kwa rafiki yake, Brigid Anyait, anayeuza mapazia na matandiko ya mitumba karibu na foleni ya malori. Anyait ni mwanamke mnene mwenye sauti, na kila mteja kwake ni boss.

"Boss, leo nimefungua belo ya kamera," akamwambia, kamera ikiwa ndiyo mali ya kwanza, ile safi. "Lakini wewe najua unataka ya fagia, yale mabaki. Iko chini ya meza."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Emmaculate akajibu, akainama kweli, akapotea chini ya meza karibu saa nzima.

Alitoka huko na vumbi puani na mapazia mawili ya kijani kibichi yenye maua madogo meupe. Moja lilikuwa refu kuliko lenzake kwa shubiri mbili. Alitoka pia na tandiko jeupe la kitanda, la pamba, zito, lililochomwa pasi pembeni na mwenyewe wa kule Ulaya ambaye bila shaka alikuwa akiongea na simu. Anyait akavishika, akavitikisa, akauliza swali ambalo lilikuwa la haki.

"Si ulisema mama haoni? Sasa rangi ni ya nini?"

"Watafungua ile bandeji," Emmaculate akasema. "Akifunguliwa jicho nataka kitu cha kwanza aone kiwe kizuri."

Anyait akampunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo halijaandikwa popote kuwa lilitokea kabla.

Kwa wiki tatu Emmaculate aliishi kama ndege anayejenga. Doa la pasi akalifunika kwa ua alilolifuma kwa sindano wakati watoto wakila. Kioo chenye ukingo wa mbao alikipata kwa kinyozi aliyekuwa anahama. Miguu ya cherehani ya zamani, iliyokuwa imetupwa nyuma ya kanisa, Oduori aliipiga msasa na kuitia ubao juu, ikawa meza ya kando ya kitanda. Taa ya mezani ilitoka kwa mama mmoja wa Uganda aliyeziuza akizipanga chini juu ya gunia. "Nyabo, hii ni nzuri, ilikuwa hotelini," alisema, na kweli ilikuwa na nembo ya hoteli ambayo hakuna aliyeijua. Plagi yake haikuingia katika ukuta wowote wa Kenya mpaka Oduori alipoibadilisha. Godoro peke yake ndilo Emmaculate alilinunua jipya, dukani, likiwa na karatasi yake. Godoro la mitumba ni kumwalika kunguni kwa jina, na kunguni hana haja ya kualikwa mara mbili.

Kikabaki kitanda. Alizunguka Busia yote. Vitanda vya bei aliyoiweza vilikuwa vimelegea, ukikaa vinakuuliza unaenda wapi. Kimoja kilikuwa kizuri lakini kipana, kingeingia chumbani na ukuta ungebaki nje. Siku zikaisha. Usiku mmoja Emmaculate alikuwa amelala macho wazi, akifikiri, na mkono wake ukagusa ubao wa kichwani mwake. Mvule mtupu, mzito, haujawahi kutikisika. Kitanda chao cha ndoa. Si mgeni hupewa kilicho bora? Yeye angelala chini kwa mkeka siku hizo, na Oduori hangekuwepo.

Basi wakakihamisha. Oduori alishika upande wa miguu, yeye upande wa kichwa. Emmaculate akakipiga msasa, akakitia vanishi mara mbili, kikang'aa. Alifikiri juu ya vanishi, juu ya msasa, juu ya urefu wa tandiko lianguke vipi pembeni. Kwamba kitanda kile kilikuwa kimelaliwa na yeye na mkwe wa mama yake kwa miaka ishirini na mitatu, halikumpitia kichwani hata kama nzi. Akili ya mtu ikishapanda kwenye mapazia ni vigumu kuishusha. Na Oduori, ambaye alibeba nusu nzima ya kosa lile kwa mikono yake, hakusema neno. Ilikuwa imepita saa nne.

Petronilla alifika Jumapili saa nane mchana. Operesheni ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Emmaculate alimshika mkono akamwingiza chumbani. Mama hakuona kitu ila mwanga wa dirisha, lakini alikuwa na vidole, na vidole vyake vilifanya kazi ya macho. Akapapasa pazia akasema ni kitambaa cha nguvu. Akapapasa kioo, meza, taa. Akaipata miguu ya cherehani akacheka, akasema amekaa mbele ya miguu kama hiyo ujana wake wote akishonea watu wa Funyula.

"Auma, umenitengenezea kitu," akasema. "Hata bibi wa chifu hajalala hivi."

Kisha mkono ukafika kwenye ubao wa kitanda.

"Hii ni mvule," mama akasema.

"Ni mvule, mama."

"Siku hizi mvule inatoka wapi? Umenunua kwa nani?"

Na Emmaculate, kwa furaha yake yote, akajibu, "Sijanunua. Ni hiki chetu cha zamani. Nimekupea ile nzuri."

Mkono wa Petronilla ulitoka kwenye ubao ule kama umegusa sufuria ya moto. Alirudi nyumanyuma mpaka mgongo wake ukapata mlango.

"Auma. Unataka nilalie kitanda ya mkwe wangu?"

Hapo ndipo kosa lilipomwingia akilini. Emmaculate aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alijaribu: kimepigwa msasa, mama, kimetiwa vanishi, godoro ni jipya, hata karatasi yake iko.

"Hata ukiosha na maji ya Ziwa yote," mama akasema, bila ukali, na kule kukosa ukali ndiko kulikotisha. "Mimi siwezi. Huyo kijana nitamwangalia na uso gani?"

"Basi godoro niweke chini."

"Daktari alisema nisiiname. Nisipige magoti wiki mbili. Sasa nitaamka nikivutwa na kamba kama ng'ombe?" Petronilla akatafuta leso yake kwenye kiti. "Si vibaya, mtoto wangu. Umejaribu. Niitie tu boda nirudi. Pengine hii jicho Mungu anataka ikae hivyo."

Emmaculate alimjua mama yake. Akirudi Sigalame jioni ile, Jumatatu asubuhi hatakuja. Atasema miguu, atasema mvua, na jina lake litafutwa, na madaktari wale watarudi lini hakuna ajuaye. Atakufa akisalimia mbuzi. Na sababu itakuwa kitanda alichotandikiwa na binti yake mwenyewe.

"Subiri unywe chai," akasema. Akamwekea chupa ya chai na ndizi mbili, akatoka nje, akampigia Anyait simu. Anyait akamwambia wauza vitanda wote wako kanisani au baa, na wa kanisani hawauzi leo na wa baa hawabebi. Emmaculate akakata simu, akapanda boda mpaka kibandani kwa mumewe.

Oduori alikuwa amekaa juu ya debe, redio iko chini, mkeka wake umekunjwa vizuri kwenye kona. Emmaculate alimwambia yote kwa pumzi moja, na mwisho akalia, hasira na huzuni zikiwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia? Wewe uliona. Ulibeba."

"Nilidhani mmeongea," Oduori akasema. "Nikajiambia wanawake wameongea, mimi ni nani."

Akasimama, akazima redio. Akatazama vyuma vyake kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani. Nyuma kabisa, nyuma ya mabati, palikuwa na bawa moja la geti alilomtengenezea mtu wa Nambale, ambaye alihamia Kampala na kulisahau. Lilikuwa na maua ya chuma, na ndege wawili wanaotazamana juu ya maua. Oduori alilivuta nje, akalipima kwa mkono, akalilaza chini. Yeye ni muumini ambaye hajafanya kazi Jumapili tangu abatizwe. Akavaa miwani myeusi.

Emmaculate alishika vyuma huku amefumba macho, cheche zikimrukia gauni la kanisani. Bawa la geti likakatwa vipande viwili, nusu ikawa ya kichwani, nusu ya miguuni. Mabomba yakawa miguu. Vyuma vya kona vikawa fremu, na mbao za chaga zikatoka kwenye kasha la vigae. Saa kumi na moja na robo kitanda kilikuwa kimesimama barabarani, chekundu kwa rangi ya kuzuia kutu, na mtu wa mkokoteni alikuwa anauliza kama hilo ni geti au ni nini.

Walipofika nyumbani Petronilla alikuwa amekaa barazani, leso imefungwa, mkoba magotini, dereva wa boda amesimama kando akisubiri. Alikuwa amejiitia mwenyewe. Emmaculate na mtu wa mkokoteni walitoa kitanda cha mvule wakaingiza cha chuma, wakaweka godoro, wakatandika lile tandiko jeupe. Oduori alijificha nyuma ya kona ya nyumba, hatua tano kutoka alipokaa mkwe wake. Alimsikia na alisikika, lakini mazungumzo yote ilibidi yapitie kwa Emmaculate, aliyesimama katikati kama mkalimani wa mahakama.

"Nimesikia imeletwa kitanda," Petronilla akasema. "Muulize huyo fundi, hiyo imelaliwa na nani?"

"Anauliza imelaliwa na nani."

"Mwambie mama chuma bado iko na joto," kona ikajibu.

Petronilla akageuzia sikio kwenye kona. Kisha akasema, "Muulize ilikuwa ya nani."

"Mwambie ilikuwa geti. Geti hailaliwi."

"Na sasa ni ya nani?"

Hapo Oduori alichelewa kidogo. Ilikuwa jioni, maneno yake ya siku yalikwisha zamani, na Emmaculate alidhani hatajibu kabisa.

"Mwambie ni yake," akasema. "Nimemfanyia yeye."

Dereva wa boda akajikuna. Halafu Petronilla alifungua leso kiunoni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mkoba. "Mwambie asante," akasema. "Na mwambie aende sasa, mimi nimechoka, nataka kulala." Nyuma ya kona vikasikika viatu vikiondoka upesi, na Emmaculate alicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Dereva alilipwa nauli ya kusubiri.

Operesheni ilikwenda salama. Bandeji ilipofunguliwa kesho yake kliniki, Petronilla alimtazama binti yake kwa muda akasema amezeeka, lakini vizuri. Nyumbani alisimama mlangoni mwa chumba na jicho lake moja jipya, akakikagua chote bila haraka. Emmaculate alisubiri pembeni kama mtoto aliyepeleka daftari lisahihishwe.

"Umenilaza darasani," mama akasema, akitazama kuta. "Na pazia moja ni fupi." Akalisogelea tandiko, akaona lile ua, akaligusa, akalifunua kidogo, akaliona doa la pasi chini yake, akalirudisha. Kisha akainua uso akaona kichwa cha kitanda, yale maua ya chuma na wale ndege. Akacheka mpaka Emmaculate akamkataza kwa ajili ya jicho. "Wakiniuliza Sigalame nililala wapi nitasema getini. Mtu akitaka kuingia apite juu yangu kwanza."

Alilala hapo siku nane. Kila asubuhi Emmaculate aliamka akakuta moto umewashwa, maji yamechemka, na mama, ambaye daktari alimkataza kuinama, amekaa kando ya jiko akilalamika kwamba kuni za huku hazina maana. Alichelewa kazini mara mbili kwa sababu ya kukaa tu pale akisikiliza malalamiko yale, na watoto mia nne walikula saa saba badala ya saa sita na nusu. Hakujuta.

Siku ya kuondoka, mkoba ukiwa tayari kwenye boda, Petronilla alirudi chumbani peke yake. Alitandika kitanda mwenyewe, akalainisha mikunjo kwa kiganja, akavuta pazia lile fupi likutane na refu. Emmaculate alimfuata mpaka mlangoni, akifikiri amesahau kitu.

"Auma, sikiliza," mama akasema, bado ameinamisha macho kwenye tandiko. "Hapa asilale mtu. Si wewe, si huyo mzee wako, si mgeni yeyote, hata akitoka wapi. Ukiniletea mtu hapa nitajua."

"Hakuna atakayelala, mama."

"Jicho la pili wamesema mwezi wa nane." Akaweka mkono juu ya chuma cha kitanda. "Lakini mimi nitakuja kabla ya hapo. Nimekuwa na kitanda kwa mtoto wangu, sasa nisubiri ugonjwa wa nini?"